Neno Lisilopiga Magoti

Katika duka moja la mapazia pale Mayfair, mtaa wa kusini mwa Afrika, nyuma kabisa, ukishapita marobota ya vitambaa na kabla hujafika mlango wa choo, palikuwa na cherehani ya Bi Biubwa. Hapo alikaa miaka mingi akikunja pindo za mapazia ya watu, na hapohapo Mwenyezi Mungu akampa kazi ya pili ambayo hakuiomba: kuwafundisha Kiingereza wanawake wa Kibangladeshi.

Alitoka Wete, Pemba, na elimu ya kidato cha nne. Matokeo yake ya mtihani hayakuwa ya kutundika ukutani, na mumewe Khatibu, aliyekuwa mlinzi wa jengo moja karibu na Joubert Park, hakuchoka kumkumbusha.

"Weye si ulipata D ya Kiingereza?" alimwambia wakinywa chai. "Leo umekuwa profesa wa Wabangladeshi!"

"Nilipata C," Biubwa alimjibu bila kuinua macho. "D ilikuwa ya hesabu. Ndiyo maana nikaikubali mahari yako."

Khatibu alicheka mpaka chai ikampalia. Hivyo ndivyo walivyoishi wale wawili, na Mungu aliwajaalia kucheka sana.

Mwenye duka aliitwa Mizan, mtu wa Noakhali kule Bangladeshi, mpole, mwenye ndevu zilizoanza mvi kabla ya wakati wake. Yeye na mkewe Shefali walikaa ghorofani juu ya duka pamoja na binti yao mmoja, Mitu. Miaka ya mwanzo Shefali hakuvuka roboti, yaani taa za barabarani, ya kona peke yake. Alishuka ngazi, akaketi kwenye kibao karibu na cherehani, akamtazama Biubwa akishona. Biubwa alikuwa amekwisha kuokota Kibengali cha dukani, cha kutosha kugombania vipimo vya madirisha, basi wakazungumza. Siku moja Shefali akamwambia, "Apa, nifundishe na mimi Kiingereza." Apa ni dada mkubwa kwa lugha yao. Toka siku hiyo Biubwa akawa Apa wa mtaa mzima, maana Shefali alimleta jirani yake Nurjahan, Nurjahan akaleta wifi yake, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wanawake sita kila Jumanne baada ya alasiri, wakati duka limepoa.

Biubwa alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alikumbuka jinsi walimu wake walivyokuwa wakiandika maneno thelathini ubaoni kwa mpigo mmoja, na asubuhi yake kichwani halikubaki hata moja. Yeye alifundisha neno moja kwa wiki. Alikata kipande cha pazia kilichobaki, akaliandika neno kwa chaki, na kila mwanamke akalitarizi kwa sindano. Katika sindano wanawake hao hawakuhitaji mwalimu. Kwao mabibi zao hushona mablanketi kwa sari kuukuu, mishono midogo kama nyayo za sisimizi. Neno likishatariziwa, mwanafunzi hutoka nalo mtaani. Kila akilitumia kwa mtu wa nje ya darasa, na mtu yule akamwelewa, hufunga fundo moja la uzi pembeni mwa kitambaa. Asiye na mafundo matatu hapewi neno jipya.

"Nikidanganya mafundo?" Nurjahan aliuliza siku ya kwanza. Alikuwa mkubwa kuliko wote, mwenye miwani minene na ulimi usiolala.

"Funga hata ishirini," Biubwa alimwambia. "Utakwenda kuulizwa mbele ya Mungu kwa nini ulidanganya uzi."

Mwaka 2016 ulipofika mwezi wa kumi na moja, nyumba ya Shefali iliingia katika dhiki. Mitu alikuwa ametimiza miaka saba na hajaanza shule. Mara mbili Mizan alimtuma mtu ajuaye Kiingereza kwenye shule moja ya karibu, na mara mbili mtu yule alirudi na jibu lilelile: nafasi hazipo. Sasa orodha ya darasa la kwanza la Januari ilikuwa inafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Na wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo, simu ikapigwa kutoka Noakhali kwamba baba yake Mizan amefariki. Mizan alisafiri usiku uleule. Mama mmoja wa ofisi ya msikiti alimpa Shefali shauri: shule ikikataa, mzazi aombe iandike kwamba imekataa na kwa sababu gani, kisha aipeleke barua hiyo ofisi ya elimu ya wilaya.

Shauri lilikuwa zuri. Lakini nani wa kwenda kuomba? Mzazi aliyekuwepo mjini ni mmoja tu, naye Kiingereza chake kilikuwa cha amri. "Give card. Show paper. Open." Kliniki walikuwa wakimkunjia uso, naye hakujua kawaudhi kwa lipi. Asipokwenda, Mitu angekaa mwaka mwingine dirishani, akihesabu teksi.

Biubwa alijua wapi pa kuanzia, kwa kuwa na yeye alipitia hapo. Alipofika mji huu mara ya kwanza, alimwambia mwanamke wa tiketi, "Give me ticket," kwa sauti ya kistaarabu kabisa, na yule mwanamke akamuuliza Biubwa tangu lini amekuwa bosi wake. Basi Jumanne ile alichukua chaki akaandika kwenye vitambaa sita: please.

Akafungua kamusi ya Mizan, ya Kiingereza na Kibengali, iliyochakaa kingo. Akawasomea kama ilivyoandikwa: doya kore. Kwa huruma yako.

Wanawake wakaangua kicheko. "Apa, hili tunalijua!" Shefali alisema. "Plij!"

"Pliiij!" Nurjahan alilivuta, akashika kifua, akapepesa macho nyuma ya miwani kama mwanamke wa tamthilia za televisheni anayemzuia mumewe mlangoni na sanduku mkononi. Wengine wakaitikia, pliiij, pliiij, mpaka mteja mmoja akachungulia kuona nani anaumwa.

Biubwa alifurahi. Kazi imekwisha, alidhani, neno wanalo. Akawaambia watarizi, watoke, wafunge mafundo. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na baadaye alilisimulia yeye mwenyewe bila kujitetea.

Jumanne iliyofuata, zimebaki siku tatu, Shefali alikuja na kitambaa kisicho na fundo hata moja, na mfuko wa nyanya. Aliuweka mfuko juu ya cherehani kama mtu anayeweka ushahidi mahakamani.

"Sadaka," alisema.

"Sadaka ya nani?"

"Yangu mimi! Nimepewa mimi!" Macho yalimjaa machozi. Alikuwa amekwenda kwa mama mmoja wa Kizulu auzaye mboga karibu na roboti. Alikusanya viganja, akainamisha kichwa, akasema kama walivyosema darasani: pliiij, tomato. Yule mama akamtazama, akautazama mtandio wake wa nyumbani uliopauka, akaguna, "Hawu, sisi," ndiyo masikini dada kwa lugha yake, akajaza mfuko na kumsukumia. Shefali alipotoa hela, mama alizikataa akamwombea na baraka juu yake. "Mie mke wa mwenye duka, Apa! Nimepewa nyanya kama maskini wa mlango wa msikiti!"

Nurjahan alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Kesho rudi kavute plij ya vitunguu! Nitapika biriani!"

"Nyamaza wewe, bibi kizee! Mimi neno hili silitaki tena." Shefali alikifinyanga kitambaa. "Linanipigisha magoti. Shuleni nikapige magoti mbele ya mwanangu? Bora nisiende."

Akapanda ngazi. Siku ile darasa lilivunjika mapema.

Biubwa alirudi nyumbani hana raha. Alijua kwamba akienda yeye badala ya Shefali atamuudhi mkubwa wa shule tu, kwa kuwa si ndugu wala mzazi. Alijua pia kwamba Shefali akienda na ile "give" yake watamfukuza, na akienda na ile "pliiij" yake watamhurumia kisha watamfukuza. Alfajiri aliswali, akakaa juu ya msala kuliko kawaida yake, akamwomba Mola amfungulie. Kisha akaenda jikoni akasimama mbele ya kabati la vyombo, mawazo yako mbali.

"Nipishe kidogo, nichukue kikombe," Khatibu alisema nyuma yake.

Biubwa hakusogea. Aligeuka polepole. "Umesemaje?"

"Nimesema nipishe kidogo. Kwani nimetukana?"

"Kidogo. Nikupishe kiasi gani? Robo? Nusu?"

"Mke wangu, jua bado halijachomoza, unatafuta kesi?"

"Mtu akikwambia nishikie kidogo, nisaidie kidogo, ngoja kidogo, kidogo hiyo ni ya nini, Khatibu?"

Khatibu alikuna kichwa. "Ya… ya ustaarabu tu. Usionekane unaamrisha. Sasa nitapishwa ama sitapishwa?"

Biubwa alimpisha, tena akamkumbatia, jambo ambalo Khatibu alilisimulia kazini siku nzima. Maana lilikuwa limemjia lile neno ambalo alilisikia dukani kutwa kwa miaka kumi na moja bila kulitilia maanani: ektu. Ektu pani den, nipe maji kidogo. Ektu shoren, Apa, sogea kidogo. Ektu ni kidogo. Na hapo akakumbuka kwamba Shefali amekuwa akimwambia "Give little scissors" tangu azali, naye siku zote akimpa mkasi mdogo, na Shefali siku zote akiupokea kwa adabu na kukata nao mapazia mazito kwa taabu.

Hakungoja Jumanne. Jumatano adhuhuri alipanda ngazi akagonga mlango wa Shefali, Nurjahan akifuata nyuma kwa udaku.

"Kamusi nimeifunga," Biubwa alisema. "Huruma tumeitoa. Sikiliza. Ukitaka Nurjahan asogee, unamwambiaje?"

"Ektu shoren, Bhabi," Shefali alisema, kwa jina la heshima la wake za majirani.

"Ulilia?"

"Nilie kwa nini?"

"Ulikusanya viganja? Uliinama?"

"Nimwinamie huyu?"

"Hiyo ektu yako ndiyo kidogo yangu, na ndiyo please yao. Ni ileile. Ni mlango unaufungua kwa mkono badala ya teke, basi. Unamwambia mtoto, unamwambia polisi, unamwambia mfalme, kwa sauti moja." Akamtazama usoni. "Na tena, mteja akimwambia Mizan, please, chenji yangu, anaomba sadaka?"

Shefali alifikiri. "Hapana. Chenji ni yake."

"Haya. Na shule ya Mitu?"

Shefali aliteremka naye dukani. Biubwa akachukua fimbo ya pazia, ile ndefu ya chuma, akamwekea mgongoni kutoka kisogoni mpaka kiunoni. "Sema bila kuiacha fimbo. Ukiinama itakuacha, nitajua." Nurjahan akavaa sura ya karani, akashusha miwani puani.

"Nafasi hazipo!" alibweka.

"Plij—"

"Fimbo!" Biubwa alimkatiza.

"Please. Write."

"Njoo Jumatatu!"

"Please. Write no. Write why."

"Mimi nakunywa chai!"

"Please," Shefali alisema, na safari hii fimbo haikutikisika, "nitangoja hapa mpaka uimalize."

Nurjahan alivua miwani akaipangusa. "Mimi ningeandika," alisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha.

Asubuhi ya Alhamisi Shefali alikwenda peke yake kwa mama wa mboga. Alijifunga mtandio mzuri, akaweka hela ya nyanya za juzi juu ya meza. "Please, take." Mama alimtazama, akamtambua, akacheka, akazichukua. Shefali akanunua viazi kwa please, akaomba mfuko kwa please. Alirudi mbio, akamkuta Biubwa katikati ya pindo, akafunga mafundo matatu mbele ya macho yake kwa uzi mwekundu.

Ijumaa walitoka mapema ili wawahi kurudi kabla ya sala ya Ijumaa: Shefali, Mitu aliyesukwa nywele kwa mafuta, na Biubwa. Njiani Biubwa alikuwa akisoma chinichini ile dua anayoisoma mtu akitaka ulimi wake ufunguliwe. Shefali alikishika kitambaa ndani ya kiganja.

Ofisi ya shule ilikuwa na dirisha la kuhudumia watu na benchi la mbao ukutani. Karani, mama mwenye sweta la kijani, aliwatazama wote watatu. "Wazazi tu," alisema. Biubwa akarudi nyuma akaketi kwenye benchi na Mitu. Ilikuwa hatua tano tu kutoka dirishani, lakini alisema baadaye kwamba hata safari ya kutoka Pemba haikuwa ndefu hivyo.

"Good morning," Shefali alisema, akaweka faili la makaratasi ya Mitu dirishani. "Mtoto wangu, darasa la kwanza. Please."

Karani hakufungua faili. "Orodha imejaa. Tulikwisha kumwambia mtu mliyemtuma."

"Please, nionyeshe orodha."

Kalamu ya karani ilisimama. "Orodha haionyeshwi. Njoo Jumatatu na mume wako."

"Leo inafungwa. Mume wangu amekwenda kumzika baba yake. Mimi ndiye mama." Shefali alivuta pumzi. Maneno yaliyofuata yalimtoka vipande vipande, kila kimoja mahali pake. "Please, andika: tumekataa. Andika sababu. Please, weka sahihi. Nitapeleka wilayani."

Mitu alijinyanyua kwenye benchi. Yeye Kiingereza alikinywa katika katuni, kilimtoka kama maji, na midomo yake ilikuwa tayari kumsaidia mama yake. Biubwa alimshika mkono. "Muache," alimnong'oneza. "Ataweza mwenyewe."

"Mama, nina watu wengi wa kuhudumia," karani alisema, sauti imepanda.

Biubwa aliutazama mgongo wa Shefali. Alingoja uiname. Angekuwa na fimbo angeinuka akaiweka. Lakini ule mgongo ulisimama kama ulivyosimama dukani, na mikono miwili ikatulia juu ya ubao wa dirisha, haikukusanyika.

"Please," Shefali alisema, bila kuvuta, bila kulia, kama anayemwambia mtu asogee apite. "Nitangoja hapa."

Akangoja. Nyuma yake foleni ya wazazi ilitega masikio. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Eish, mwandikieni tu." Karani alimtazama mzee, akamtazama Shefali, akachukua faili akaingia nalo chumba cha ndani.

Aliyetoka naye ni mwalimu mkuu mwenyewe, mtu mrefu, tai imelegea. Aliyapekua makaratasi ya Mitu moja moja, akayakuta yamekamilika. Akamwambia karani aiangalie tena orodha, maana kuna watoto wawili waliohamia Durban wiki ile. Karani akaangalia. Ikachukua muda. Kisha akatoa fomu, akaigeuza ili Shefali aweze kuisoma, akaweka kidole chini ya mstari.

"Sign here," alisema. Akasita kidogo. "Please."

Shefali aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, bila kukimbia. Alipogeuka, uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho, na Biubwa, mwanamke asiyelia hata msibani, alikuwa analia waziwazi na kumpigia Mungu takbiri kwenye benchi la shule, Mitu akiona haya.

"Mafundo mangapi, Apa?" Shefali aliuliza.

"Hesabu mwenyewe, mie macho hayaoni."

Matano. Aliyafunga hapohapo barabarani, uzi ukamwishia.

Januari Mitu alipita dukani asubuhi kwa sare iliyompwaya, na Biubwa aliisimamisha mashine mpaka mtoto alipokwisha kukata kona. Habari ilienea Mayfair. Darasa la wanawake sita likawa la kumi na tisa. Mizan aliporudi alihamisha marobota ya upande mzima ili vibao vienee, na Shefali akawa anawafundisha wageni neno la please yeye mwenyewe, kwa fimbo ya pazia. Kamusi haikufunguliwa siku hizo. Biubwa alikaa pembeni, akikata kwa mkasi mkubwa, na ule mdogo akautupa.

Mola alimchukua Bi Biubwa mwezi wa saba mwaka 2019, siku ya Alhamisi, baada ya maradhi mafupi ya presha. Nyumba ilijaa watu wa Pemba, wa Unguja, wa Tanga, mlango haupitiki, na chumbani waoshaji walikuwa wamekwisha kuweka maji. Hapo wakasikia sauti ya ugenini kutoka ngazini, sauti isiyovuta wala kulia, ikisema Kiswahili ambacho hakuna aliyejua kwamba mwenye sauti amefundishwa.

"Nipisheni kidogo."

Alikuwa Shefali, mgongo umenyooka, na nyuma yake wanawake kumi na wanane, kila mmoja na kitambaa chake. Watu wakageuka kumtazama. Wakampisha. Akaingia, akakunja mikono ya nguo, akasaidia kumwosha Apa wake, Mwenyezi Mungu amrehemu.